Kukata au kuzungusha: jinsi mashine za kuchanganya zinavyokula umeme wa Katanga

Lubumbashi – Mkaaji wa Katuba au wa Kampemba hahitaji kuelezwa delestaji ni kitu gani. Umeme unakuja usiku watu wakiwa wamelala, unaondoka asubuhi kazi ikianza, na mwenye atelye anabaki kuhesabu litre za mazutu ambazo grupu yake imekunywa. Kwa viwanda vikubwa vya Kolwezi na Likasi hesabu ni ileile, ila sufuri zake ni nyingi zaidi.

Kusini mwa nchi tunaishi kwa umeme wa vituo vya Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, pamoja na ule unaotoka Inga kwa waya wa kilomita karibu 1.700 ambao ulifika Kolwezi mwaka 1982. Wenye migodi wananunua pia umeme kwa majirani wa Zambia, na ukame wa 2024 ulionyesha kwamba jirani naye anaweza kuishiwa. Kwa hiyo swali la umeme unaenda wapi ukishaingia kiwandani si la wahandisi peke yao. Linamhusu mwenye kulipa, na linamhusu mfanyakazi ambaye anarudishwa nyumbani siku ambayo mashine hazizunguki.

Watu wakizungumzia mashine zinazokula umeme hutaja vinu vya kusaga mawe, tanuru, pampu na frigo. Ni wachache wanaotaja mashine ya kuchanganya. Na bado iko kila mahali: katika matangi marefu ambamo udongo wenye shaba na kobalti unaoshwa kwa asidi, katika viwanda vya rangi, mayonezi na mafuta ya kujipaka, na katika vile viatelye vya sabuni ya maji vilivyo nyuma ya nyumba, ambako mota moja iliyofungwa juu ya pipa ndiyo kiwanda chote.

Tatizo ni kwamba mashine hizi zinanunuliwa mara nyingi kwa macho. Muuzaji anasema hii inazunguka haraka, ina nguvu nyingi, na mnunuzi anafurahi. Baada ya miezi mitatu anashangaa kwa nini mazutu inaisha, na kwa nini sabuni yake imejaa povu.

Mwiko na mchi

Mama anayepika bukari na mama anayetwanga sombe wote wawili wanachoka mikono, lakini hawafanyi kazi moja. Mwiko unahamisha: unatoa unga wa chini kuuleta juu, unapeleka wa pembeni katikati, mpaka sufuria yote iwe kitu kimoja. Mchi hauhamishi sana. Unapiga mahali padogo kwa nguvu, na jani linapasuka. Hakuna anayetwanga sombe kwa mwiko, wala anayesonga bukari kwa mchi.

Ndani ya tangi la kiwanda ni vilevile. Kilowati zinazoshuka kwenye mhimili wa mashine zinagawanyika katika kazi mbili. Sehemu moja inasukuma maji yazunguke tangini, na huo ndio mtiririko. Sehemu nyingine inayakata maji, yaani inafanya tabaka moja la maji liende mbio pembeni ya tabaka lingine linalokwenda polepole, mpaka kilicho katikati yao, kama ni tone la mafuta au donge la unga, kinavutwa, kinarefuka na kukatika. Propela kubwa inayozunguka polepole inatoa mtiririko mwingi na mkato mdogo. Propela ndogo inayozunguka mbio inafanya kinyume. Unaweza kulipa kilowati zilezile na kupata vitu viwili tofauti kabisa.

Mashine za mkato mkali ndizo mchi wa kiwanda. Ndani yake kuna kichwa chenye mabawa, kinachoitwa rota, kinachozunguka ndani ya kikombe kisichozunguka chenye matundu au mianya, kinachoitwa stata. Nafasi kati ya rota na stata inaweza kuwa ndogo kuliko milimita moja, sehemu nyingine hata sehemu ya kumi ya milimita. Ncha ya rota inakwenda kwa kasi ya mita 10 hadi 50 kwa sekunde. Mita 50 kwa sekunde ni kilomita 180 kwa saa, katika nafasi ambayo kadi ya simu ingepita kwa shida. Maji yanavutwa kutoka chini, yanabanwa, yanatupwa nje kupitia matundu ya stata, kiisha yanarudi tena. Matone ya mafuta yanayoingia yakiwa makubwa kama punje yanatoka yakiwa madogo hata jicho lisiyaone, na ndipo mayonezi inakuwa nyeupe na mafuta ya kujipaka yanakuwa laini.

Hesabu ambayo muuzaji haisemi

Wahandisi wana kanuni moja ambayo ingestahili kuandikwa kwenye mlango wa kila atelye. Kwenye maji au kimiminika chepesi, nguvu ambayo propela inakula inapanda kwa mchemraba wa kasi yake. Ongeza kasi mara mbili, nguvu inapanda mara nane. Kipenyo ni kikali zaidi, maana kinahesabiwa kwa kipeo cha tano: weka propela yenye kipenyo mara mbili na uizungushe kwa kasi ileile, utahitaji nguvu mara 32. Hapo ndipo mota nyingi zinapoungua. Fundi ameona propela ndogo haivuti, akachomelea mabawa marefu zaidi, akaacha kasi ilivyo.

Umbo nalo lina bei. Kila umbo la propela lina namba yake ya nguvu, ambayo vipimo vilivyochapishwa mwaka 1950 na Mmarekani John Henry Rushton na wenzake vilisaidia kuiweka wazi. Chombo kinachobeba jina la Rushton ni sahani yenye mabao sita yaliyosimama wima, na namba yake iko karibu na 5. Propela ya kisasa yenye mabawa membamba yaliyopindwa kama ya ndege ina namba karibu na 0,3.

Tuchukue mfano. Kipenyo sentimita 30, mizunguko 300 kwa dakika, ndani ya maji, kwenye tangi lenye vibao vya pembeni vya kuzuia maji yasizunguke yote pamoja. Chombo cha Rushton kitakula wati karibu 1.500. Propela ya mabawa yaliyopindwa itakula wati karibu 90. Je, maji yanayosukumwa yanatofautiana vilevile? Hapana. Cha kwanza kinasukuma karibu litre 95 kwa sekunde, cha pili karibu litre 75. Tofauti ya umeme ni zaidi ya mara kumi na sita, tofauti ya mtiririko haifiki hata theluthi moja. Zile wati nyingine 1.400 zilikwenda kwenye kukata. Ikiwa kazi yako inahitaji kukata, umelipa vizuri. Ikiwa ulitaka tu chumvi iyeyuke, umezitupa.

Kimiminika kizito kina sheria nyingine. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo lenye maji, akaonyesha kwamba mtiririko una tabia mbili: kuna wakati uzi unakwenda umenyooka, na kuna wakati unavurugika na kujaza bomba lote. Namba inayobeba jina lake inapima nguvu ya mwendo dhidi ya mnato wa kimiminika. Katika tangi, chini ya 10 hivi mtiririko ni mtulivu, juu ya 10.000 ni msukosuko mtupu, na katikati ni mchanganyiko wa hali zote mbili. Kwenye mtiririko mtulivu, kama bukari iliyokwisha kukaza, kuongeza kasi mara mbili kunaongeza nguvu mara nne, si nane, lakini mnato wenyewe unaingia kwenye hesabu: kitu kizito mara kumi kinakula nguvu mara kumi. Gundi na rangi nzito ziko huku. Ndiyo maana mota ambayo asubuhi ilikuwa ikiimba vizuri inaanza kunguruma mchana, wakati rangi imeanza kukaza.

Kasi ya ncha, si mizunguko

Kuna namba inayowadanganya wanunuzi kuliko zote: mizunguko kwa dakika. Mashine ndogo ya maabara yenye rota ya sentimita 3 inazunguka mara 10.000 kwa dakika na inatengeneza krimu nzuri. Mwenye kiwanda anatafuta mashine kubwa, anaambiwa inazunguka mara 2.000 tu, anaona amedanganywa. Lakini kama rota hiyo kubwa ina kipenyo cha sentimita 15, ncha zake zinakwenda kwa kasi ileile, karibu mita 16 kwa sekunde. Ni ncha inayokata, si katikati ya mhimili. Mtu anayelazimisha rota ya sentimita 15 izunguke mara 10.000 atakuwa ameomba nguvu mara 125. Mhimili utavunjika kabla kazi haijaanza.

Na udogo wa matone una bei inayopanda haraka. Kwa mujibu wa kazi za Kolmogorov wa Urusi (1941) na Hinze wa Uholanzi (1955), ambazo bado ndizo msingi wa hesabu hizi, kupunguza ukubwa wa tone kwa nusu kunahitaji kasi iongezwe mara 1,8 hivi, maana yake nguvu inapanda zaidi ya mara tano na nusu. Kwa hiyo mtengenezaji wa mafuta ya kujipaka anayetaka krimu yake iwe laini kupita ya mwenzake anapaswa kujiuliza kama ngozi ya mteja itaona tofauti hiyo. Bili ya umeme itaiona.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Chini ya kasi fulani ya ncha, tone halikatiki tena, hata ukiiacha mashine izunguke mpaka jioni. Ukubwa wa tone unategemea kasi kuliko muda. Mara tu mashine imefikia kikomo chake, saa mbili zinazofuata ni mazutu inayochomwa bure.

Umeme huo haupotei hewani. Karibu wote unageuka kuwa joto ndani ya tangi. Mashine inayotia kilowati 2,2 ndani ya litre 100 za maji inayapasha karibu digrii 19 kwa saa moja, kama tangi halipoteza joto pembeni. Mtengenezaji anayelalamika kwamba manukato ya krimu yake yanaruka, au kwamba mayonezi yake inakatika na kuachana na mafuta, mara nyingine anapika bila kujua.

Pipa la litre 200

Tuje kwenye atelye. Mjini Lubumbashi, Goma na Bukavu, rangi ya ukuta na sabuni ya maji zinatengenezwa sana katika pipa la litre 200, lile lile lililoleta mafuta au kemikali. Kipenyo chake ni karibu sentimita 57. Na kazi hizi mbili, rangi na sabuni, ambazo watu wengi wanazifanya kwa mashine moja, hazitaki mashine moja.

Rangi inataka mkato. Unga mweupe wa titani na ule wa chokaa huja ukiwa madonge, na donge lisipovunjwa rangi haifuniki ukuta. Mteja anapaka mara tatu na hatarudi. Chombo cha kazi hii ni sahani yenye meno kama ya msumeno. Desturi ya wataalamu ni sahani yenye kipenyo cha karibu theluthi moja ya pipa, kwa hiyo sentimita 19 au 20 hapa, ikiwa imeinuliwa kutoka chini kwa nusu ya kipenyo chake hadi kipenyo kizima, na ncha zake zikienda mita 20 hadi 25 kwa sekunde. Sahani ya sentimita 20 inafikia hapo ikizunguka mara 2.000 hivi kwa dakika. Ukiangalia kutoka juu, rangi inapaswa kuzunguka kama kitumbua chenye tundu katikati, sahani ikionekana kidogo tu. Ikiwa rangi inaruka nje, ni nyepesi mno. Ikiwa ya pembeni imesimama haitembei, ni nzito mno au sahani ni ndogo, na unakata palepale tu ulipo.

Jambo ambalo wengi wanalifanya kinyume: wanaweka kila kitu pipani, maji yote, gundi yote, unga wote, kisha wanawasha. Kwa njia hiyo mashine inakata pipa zima lililo jepesi, ambamo donge linakimbia badala ya kuvunjika. Wenye viwanda vikubwa wanavunja unga kwanza ndani ya maji machache, pamoja na dawa ya kusambaza, rangi ikiwa nzito kama uji mzito. Dakika 15 hadi 20 za mkato mkali zinatosha mara nyingi. Kisha wanapunguza kasi, wanaongeza gundi na maji yaliyobaki, na kuanzia hapo ni mwiko tu. Umeme mwingi unatumika kwa muda mfupi, ndani ya sehemu ndogo ya pipa.

Sabuni ya maji, kwa upande wake, haitaki mchi. Ile pasta inayouzwa kwa kilo sokoni, inayotoa povu, inayeyuka majini kwa subira na mtiririko mpole. Mashine ya kasi inachimba shimo katikati ya pipa, shimo linavuta hewa, na hewa inabaki ndani ikiwa povu ambalo linaweza kuchukua siku nzima kushuka. Chupa zinajazwa nusu, mteja anaona ameibiwa. Propela pana inayozunguka polepole, iliyowekwa chini na kuinamishwa kidogo pembeni ya katikati, inafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya umeme. Zile poda za kukaza, ambazo zinafanya macho ya samaki zikimwagwa kwa pupa, ndizo zinazoweza kuhitaji mkato, na hata hizo zinashindwa kwa kuzinyunyiza polepole au kuzilowesha kwanza kwenye gliserini kidogo.

Dawa ya kusafisha mikono yenye kukaza kama jeli, ambayo iliuzwa sana wakati wa korona, ilifundisha somo lake. Aina ya poda inayoitwa kabomeri inapenda kusambazwa vizuri ikiwa bado nyepesi. Lakini ikishakazwa, mkato mkali wa muda mrefu unavunja minyororo yake na jeli inakuwa maji. Hapo mashine kali haipotezi umeme tu, inaharibu bidhaa. Na penye alkoholi, au rangi ya mafuta yenye kutoa mvuke, mota ya kawaida inayotoa cheche haina nafasi juu ya pipa. Hilo si suala la umeme, ni la uhai.

Kwenye matangi ya shaba

Tukitoka atelye kwenda mgodini, mambo yanageuka makubwa lakini sheria hazibadiliki.

Shaba nyingi ya Katanga inayotoka ikiwa sahani safi hupita katika hatua tatu. Kwanza mawe yaliyosagwa yanaoshwa kwa asidi ndani ya matangi. Kisha maji yale ya kijani au ya bluu yanakutanishwa na mafuta maalum, yanayofanana na mafuta ya taa na yenye dawa inayoshika shaba peke yake. Mwisho, shaba inatolewa kwenye mafuta, na umeme unaigandisha juu ya sahani. Njia hii ilianza kwa shaba kwenye kiwanda cha Bluebird, Arizona, mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ilishafika ng'ambo ya mpaka, Chingola nchini Zambia, katika kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo duniani.

Lazima tuseme ukweli: katika kiwanda kama hicho, mchanganyaji si mlaji mkubwa. Kugandisha tani moja ya shaba kwa umeme kunakula karibu kilowati-saa 2.000, na vinu vya kusaga vina njaa yao. Lakini wachanganyaji hawapumziki, mchana na usiku, na wakikosea gharama inaonekana mahali pengine.

Hatua ya pili ndiyo yenye hila. Mafuta na maji vinachanganywa kwa dakika mbili au tatu, halafu vinaachwa vitulie kwenye hodhi pana, mafuta juu, maji chini. Mkato kidogo unahitajika, kwa sababu shaba inapita kwenye ngozi ya tone, na matone madogo yana ngozi nyingi. Ukizidisha mkato, matone yanakuwa madogo sana hata hayapandi juu kwa wakati. Yanaondoka na maji. Mafuta hayo yanagharimu dola nyingi, na yakifika kwenye chumba cha kugandishia yanachafua sahani za shaba.

Hesabu ni rahisi. Kiwanda kinachopitisha mita za ujazo 1.000 kwa saa, ikiwa kinapoteza sehemu 50 za mafuta kwa kila milioni ya maji, kimetupa litre 50 kila saa, litre 1.200 kwa siku. Ndiyo sababu wabunifu wa hodhi hizi wanaweka kikomo kwa kasi na kipenyo cha propela, na ndiyo sababu kampuni ya Outokumpu ya Ufini ilibuni mchanganyaji wenye umbo la koili mbili unaokoroga kwa upole badala ya kupiga. Hapa mashine iliyo kali kupita kiasi inalipiwa mara mbili: kwanza kwa umeme, pili kwa mafuta. Mtu wa zamu anayeona shaba haitoki vizuri, akaongeza kasi ili aonekane anafanya kitu, anaweza kuwa ndiye anayelifanya tatizo liwe kubwa.

Kwenye matangi ya asidi hatari ni nyingine, na hii wakaaji wa miji ya migodi wataielewa haraka, kwani inaanzia kwenye delestaji. Tangi limejaa tope la mawe yaliyosagwa. Propela inapozunguka, mchanga unaelea. Umeme ukikatika, mchanga unashuka, unaifukia propela, na kadiri saa zinavyopita unakaza. Umeme ukirudi na mtu akabonyeza swichi bila kufikiri, mota inasukuma mhimili uliozikwa. Kitu kitavunjika: giaboksi, mhimili au mabawa. Kulifungua tangi la namna hiyo kwa hewa ya kompresa na maji ya shinikizo ni kazi ya siku, na siku hizo kiwanda hakitoi kitu.

Hapo ule mchemraba wa kasi, uliokuwa adui, unageuka rafiki. Ukiipunguza kasi mpaka asilimia 70, nguvu inayohitajika inashuka mpaka karibu theluthi moja. Kiwanda chenye vifaa vya kubadilisha kasi ya mota kinaweza, umeme mkubwa ukikatika, kuwasha grupu ya akiba na kuyaendesha matangi yote polepole badala ya kuendesha machache kwa kasi kamili na kuyaacha mengine yashike. Mchanga mzito utaanza kukaa chini, ni kweli, lakini hautakaza kama saruji. Kifaa hicho, ambacho mafundi wetu wanakiita variateri, kina bei. Mhimili mpya nao una bei, na unasubiriwa mpakani.

Kwa asiye na dola za variateri

Mwenye atelye ana variateri yake ya kimaskini: puli na mkanda. Kuweka puli kubwa zaidi upande wa propela kunashusha kasi. Kushusha asilimia 20 tu kunapunguza nguvu karibu nusu. Kazi itachukua muda mrefu kidogo, lakini kwa kazi za mwiko, kama sabuni au kuyeyusha chumvi, umeme wote wa pipa moja unabaki karibu asilimia 64 ya ule wa zamani. Kwa kazi za mchi, usiguse puli kabla hujahesabu kasi ya ncha.

Mota nayo isinunuliwe kubwa kwa ajili ya heshima. Inapowaka, mota ya kawaida inaomba mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida wake. Grupu ndogo inajikunja, taa zinafifia, na mwenye nyumba anaenda kununua grupu kubwa zaidi, ambayo sasa inakunywa hata wakati wa kazi ndogo. Grupu ndogo ya mazutu inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa litre; kilowati moja inayopotea kwa saa sita ni litre mbili kila siku ya kazi. Mkanda uliolegea, beringi zilizokufa na mhimili uliopinda vinakula sehemu yao kabla umeme haujafika kwenye sabuni.

Anayekwenda kununua mashine aulize kipenyo cha rota na kasi yake, kisha azidishe mwenyewe apate kasi ya ncha. Aulize kama ni ya kukata au ya kuzungusha, na kwa mnato gani. Aulize stata inabadilishwa vipi ikilika, kwa maana nafasi kati ya rota na stata ikipanuka mkato unashuka huku mota ikiendelea kula, na unga wa rangi unailainisha chuma kama msasa. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo anauza mota yenye kipande cha bomba.

Kwa wale ambao tayari wana mashine, kipimo kipo ukutani. Soma konteri ya umeme kabla ya kuwasha, isome tena pipa likiisha, na uandike tofauti hiyo kwenye daftari pamoja na uzito wa bidhaa. Fanya hivyo kwa mapipa kumi. Kama pipa la kumi na pipa la kwanza zinatofautiana sana kwa bidhaa ileile, sababu iko kati ya mnato wa siku hiyo, mkanda, na mtu aliyeisahau mashine ikizunguka baada ya kazi kwisha.